Barua Zilizorudishwa San José

Mita mia moja magharibi ya zahanati,
nyumba yenye ngazi nyekundu,
Santa Rosalía.

14 Oktoba 2019

Mpendwa mpwa wangu Yorleny,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na kabla ya yote niambie, moyo wako unaendeleaje? Usinijibu "si mbaya" kama ulivyoandika mara ya mwisho. Neno hilo nililitumia ofisini miaka thelathini na moja, najua vizuri huwa linaficha nini. Unalala chali au umeegemea mito? Ukipanda ngazi za hiyo nyumba yenu ya New Jersey unapumzika mara ngapi? Miguu inavimba jioni? Katika barua yako uliweka mizaha mitatu mfululizo, na mtu hafanyi mizaha mitatu mfululizo ila ana jambo.

Wálter na watoto hawajambo? Kendall amepata kazi aliyokuwa anaitafuta? Jazmín bado hataki kusema Kihispania?

Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mvua haijakatika kwa siku kumi na moja na barabara ya juu imeporomoka tena. Mimi figo zangu zimegoma. Daktari anasema nimebakiza miezi michache. Xinia, mama anayenitunza, anasema daktari hajui kitu. Nawashuku wote wawili, mmoja kwa kuharakisha na mwingine kwa kunibembeleza. Hata vidonge vyangu vimebadilika. Vilikuwa vyeupe, sasa ni vya manjano, na ninaambiwa ni vilevile. Nimeficha kimoja cha zamani ndani ya kitabu changu cha sala ili nilinganishe.

Naandika asubuhi hii Xinia akiwa sokoni. Simtuhumu, ananiosha na kunilisha kama mtoto. Ila barua yako ya Agosti ilinifikia ina gundi ya aina mbili, na siku hiyohiyo alianza kuniuliza kama ugonjwa wa moyo unarithiwa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe kabla mkono haujachoka.

Uliandika kwamba madaktari wanataka kukufungua kifua kabla ya Krismasi, kwa sababu mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, na kwamba umewajibu utafikiria. Kisha ukaandika hivi: "Mimi ni binti wa mama yangu, mjomba. Woga wa kisu tumezaliwa nao." Nilipoisoma sentensi hiyo niliiweka barua chini, na maharage yangu yakapoa mezani. Woga huo haukutoka kwa mama yako, Yorleny. Niliutunga mimi. Niliutunga kwa simu, katikati ya mazungumzo, nawe umeubeba miaka ishirini na miwili hadi naona unataka kukuua. Nikinyamaza sasa nitakuwa nimewamaliza wote wawili, mama na binti.

Wewe uliondoka mwaka 1993, hukuiona kazi yetu ilipoanza. Nataka ujue kwamba mageuzi yale ya afya hayakuwa mabaya. Nilipopewa ukurugenzi wa afya wa wilaya, mama mjamzito wa kule juu alikuwa anabebwa kwa machela saa nne kuteremka hadi hospitali. Tulijenga zahanati kumi na moja. Tuliajiri wahudumu wa afya, wengi wao wasichana wa hapahapa, waliotembea nyumba kwa nyumba na vikasha vya barafu mabegani. Walichanja, walipima presha, walijua nani amejifungua na nani anakunywa kupita kiasi. Watoto waliacha kufa kwa surua. Hilo nalisema bila haya.

Aibu yangu iko kwenye orodha.

Wilaya yetu ilikuwa na watu elfu moja na mia tisa waliosubiri upasuaji. Wengine walikuwa wamesubiri miaka sita. Makao makuu kule San José walitaka orodha ipungue, na mimi niliamini kwa moyo wote kwamba nusu ya watu wale walikuwa hewa. Ndivyo nilivyoumbwa. Nilishuku wagonjwa kwamba wanajiandikisha mara mbili. Nilishuku madaktari kwamba wanawapitisha mlango wa nyuma wanaowalipa pembeni, na hapo sikukosea. Nilimfukuza karani mmoja aliyempandisha mama yake wa ubatizo nafasi kumi. Watu walisema Don Eladio ni mkali lakini ni msafi, nami nilikuwa nikilipenda neno hilo la pili kuliko mshahara.

Kwa hiyo makao makuu walipotuma mpango wao, niliukubali kabla ya wilaya nyingine zote. Kila aliye kwenye orodha angetumiwa barua kutoka San José. Ambaye hajajibu ndani ya siku kumi na tano kwamba bado anahitaji upasuaji, jina lake lifutwe.

Mama yako alikuwa wa themanini na mbili kwenye orodha. Ugonjwa wake ni huohuo wako. Kwa mwendo ule, angeitwa kabla ya Pasaka.

Jumatatu moja ya Machi 1997, Abdénago wa posta aliingia ofisini kwangu amelowa. Utakuwa unamkumbuka, yule mwembamba aliyekuwa anapiga mluzi akifika getini. Alimwaga mfuko wake wa barua za eneo lake juu ya meza yangu.

"Mkubwa, hiki nini? Jina la mtu na Santa Rosalía, basi? Hao wa San José wamelewa?"

Nilimweleza. Kulikuwa na kompyuta mpya, na kompyuta ile ilitaka vitu vitatu: mtaa, namba ya nyumba, namba ya posta. Wewe unajua sisi tunavyokaa. Mama yako alikaa mita mia tatu kupanda kutoka ulipokuwa mtambo wa kahawa wa akina Solano, na mtambo huo uliungua mwaka 1974. Nchi nzima inaishi hivyo, na barua zinafika. Lakini mashine ilikataa maneno marefu, makarani wakaacha nafasi wazi, ikachapa majina matupu.

"Sasa shida iko wapi?" akasema, na akaanza kuzipanga kama karata. "Hawa wote ni watu wangu. Huyu yuko nyuma ya kiwanja cha mpira. Huyu kahamia kwa binti yake, ng'ambo ya daraja. Huyu mlevi, lakini asubuhi anapatikana. Na hii, ebu ona, si ya dada yako Auristela? Nipe siku nne tu. Mia mbili na kumi na nne, zote zitakuwa zimefika."

Utaratibu mpya ulisema bahasha isiyo na anwani kamili irudi ilikotoka, na mwenye jina ahesabiwe kuwa hapatikani, afutwe papo hapo. Nilikuwa na karatasi hiyo mbele yangu. Nilikuwa pia na barua nyingine, kwamba waziri atatutembelea mwishoni mwa Aprili kuona wilaya ya mfano. Na moyoni nilikuwa nimeshajiambia kwamba mgonjwa wa kweli hangoji barua, anakuja mwenyewe kuuliza.

"Zirudishe," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote. Utaratibu ni utaratibu."

Alinitazama mimi, halafu akatazama ukutani nyuma yangu. Palitundikwa ramani ambayo wahudumu wetu wa afya waliichora kwa penseli. Kila paa la wilaya lilikuwepo na namba yake, kila kisima, hata mbwa wakali waliwekewa alama.

"Mkubwa, si ramani hiyo hapo?"

"Hiyo ni ya chanjo."

"Kwani wa chanjo na wa kupasuliwa ni watu wawili?"

"Abdénago, wewe siku hizi ni wa posta au ni wa afya?"

Akaanza kuokota bahasha moja moja. Alipofika kwenye ile ya mama yako aliiinua.

"Hata hii ya dada yako?"

"Hasa hiyo ya dada yangu."

Nililionea fahari jibu hilo, Yorleny. Jioni ile nilikunywa kahawa yangu nikijisikia mtu mwadilifu. Nilidhani kumkatalia dada yangu ndiko kutopendelea, wakati kutopendelea kulikuwa kumwambia yule bwana azipeleke zote.

Ilipita wiki moja ndipo nikaanza kuogopa. Jina lake lilikwisha kufutwa. Ningeweza kulirudisha kwa simu moja tu, lakini wangeuliza kwa nini yeye na si wale mia mbili na kumi na watatu wengine. Swali hilo lingefungua orodha yote, na waziri alikuwa njiani. Nikaamua kusubiri waziri aje, aondoke, halafu nitengeneze mambo polepole. Wiki saba si nyingi, nilisema.

Mama yako alikuwa anakuja kila Alhamisi. Hakuweza tena kupanda ngazi zangu, alikaa chini kwenye benchi, nami nikimteremshia kahawa. Alikuwa anajua mimi ndiye mkubwa wa mambo hayo, kwa hiyo hakwenda kuuliza kwingine. Angekwenda wapi na kaka yake ndiye mkurugenzi?

"Kaka, hao watu wako hawajaniita tu?"

"Barua iko njiani."

"Inakuja na mkokoteni wa ng'ombe?"

"Subira, Auristela."

"Subira ninayo. Pumzi ndiyo sina."

Alicheka mwenyewe, akakohoa. Alhamisi nyingine alikuja amekata nywele. Zile nywele zake unazijua, zilikuwa zinafika kiunoni. Mtu alimwambia hospitalini hawataki nywele ndefu.

"Nimejiandaa kama bibi harusi," akaniambia. "Wakichelewa zikaota tena, nitakuja kukukata wewe."

Mfuko wake wa hospitali ulikuwa tayari nyuma ya mlango: gauni la kulalia, ndala, taulo, sabuni, karatasi za chooni kwa sababu alijua kule hawatoi. Kuku wake alikwisha kuwakabidhi kwa jirani. Padri alikwisha kumpaka mafuta. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba akipona atatembea kwa miguu hadi Cartago siku ya hija, tarehe mbili Agosti, kwa Bikira wa Malaika, na mimi ningembebea maji. Huyo ndiye mtu niliyekuambia aliogopa kisu.

Alifariki tarehe ishirini na mbili Aprili, asubuhi, ameketi kwenye kiti kwa sababu kulala kulikuwa kumemshinda. Waziri alikuja siku sita baadaye. Nilisimama mbele yake na kitambaa cheusi mkononi, nikasoma takwimu zangu. Alinipa pole. Kisha akanipongeza.

Wewe ulipiga simu siku ya tatu ya sala za marehemu. Hukuwa na karatasi za kukuwezesha kutoka na kurudi, ulikuwa unalia, na nyuma yangu watu walikuwa wanasali rozari. Uliniuliza jambo moja tu: "Mjomba, hospitali walimwita au hawakumwita?" Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Walimwita. Barua ilikuja akaificha. Aliogopa kisu." Halafu ukasema, "Basi alichagua mwenyewe," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Hukuuliza habari za misa ya mwaka, wala hukuomba picha yake. Nilijua sababu, nami nikaacha iwe hivyo, kwa sababu hasira yako kwake ilikuwa kinga yangu.

Nimewahi kukushuku kwamba unajua. Mwaka ule ulipokuja na watoto uliniangalia sana wakati wa chakula. Nikajiambia, ameshaongea na mtu. Nilikaa wiki mbili nikisubiri uniulize, nawe ukaniuliza tu kama kahawa bado tunachuja kwa kitambaa.

Wale wengine mia mbili na kumi na watatu sikuwahi kufuatilia ni wangapi walikufa. Mtu niliyejua idadi ya sindano katika kila zahanati sikujua hilo. Disemba ya mwaka ule makao makuu waliongeza nafasi ya maelekezo ya nyumba kwenye kompyuta, kimyakimya, na hakuna aliyeulizwa. Mimi nilialikwa Panama na Quito kuzungumzia mafunzo ya Santa Rosalía. Nilisema mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Sikusema kwamba wahudumu wetu walijua kila mlango na sisi wakubwa tulikataa kuwauliza. Sikusema kwamba tulishusha orodha kwa kuacha kuwaona watu, wala kwamba tulioongoza kazi hiyo tulimshuku mgonjwa kwanza na mashine mwisho.

Ungedhani mambo hayo yamepita. Jumanne iliyopita alikuja Dakta Greivin Umaña, anayekalia kiti changu sasa. Alileta keki. Mtu mwenye cheo akileta keki mimi nasogeza kiti nyuma.

"Mzee wangu," akasema, "tunataka kuupa ukumbi mpya jina lako. Na utuachie neno, dakika mbili tu, nikurekodi kwa simu."

"Neno la nini?"

"La kututia moyo. Tunasafisha orodha ya wanaosubiri. Safari hii ni kwa ujumbe wa simu. Asiyejibu siku tatu, nafasi anapewa mwenzake."

"Na aliye kule juu ambako simu hazishiki?"

"Mzee, dunia hii ya leo nani hana simu?"

"Mimi nilikuwa nasema nani hana anwani."

"Hahaa! Mzee bado una utani wako!"

Basi nikamwambia awashe simu yake. Nikasema niliyokuandikia hapa, kwa ufupi, na jina la dada yangu nikalitaja lote. Alikuwa anatabasamu mpaka nilipofika kwa Abdénago.

"Hii sehemu tutaikata, Mzee. Leo umechoka."

"Nimechoka, lakini sijachanganyikiwa."

"Sijasema umechanganyikiwa."

"Bado. Utasema ukifika garini."

Aliondoka akaacha keki. Sijaigusa. Xinia amekula vipande viwili na mpaka leo ni mzima. Maneno yaleyale nimemwandikia paroko ayasome baada ya misa ya Jumapili. Sijui kama atayasoma, mama yake na mama wa Greivin ni ndugu. Nakala nyingine imekwenda kwa wahudumu wa afya wa zahanati ya juu, na hao nina matumaini nao kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaletea keki.

Usiniamini hivi hivi, Yorleny. Hata mimi ningekuwa wewe nisingeamini. Abdénago yupo, anauza tiketi za bahati nasibu mbele ya kanisa, na namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ananichukia tangu siku ile, kwa hiyo hatanitetea kwa uongo. Muulize kuhusu bahasha. Muulize pia jirani aliyeachiwa kuku, bado anasimulia habari za zile nywele.

Sikuombi msamaha. Nimejichunguza na ninashuku kwamba nikiuomba nitakuwa nataka ulie kwa ajili yangu, na huo moyo wako usipewe kazi ya ziada. Nichukie ukitaka, nimeshazoea kuona watu wananiheshimu bila sababu. Ila mrudishie mama yako jina lake. Alijua anaweza kufia mezani, na alikwenda kunyolewa. Woga wako wa sasa ni wako, watu wote wanaogopa, lakini haukutoka katika damu ya Auristela.

Xinia anakusalimu, na kama barua hii ameisoma basi anakusalimu kwa dhati zaidi. Binamu yako Hannia wa Liberia, ule mji wetu wa kaskazini, anasema utume picha za watoto. Nisalimie sana Wálter, mwambie asikuache upande ngazi na mizigo. Kendall na Jazmín wabusu paji la uso kwa niaba ya babu yao asiyewastahili. Bikira wa Malaika akushike mkono pale mimi nilipouachia wa mama yako, akuingize salama na kukutoa salama.

Ukiwa na nguvu ya kuandika barua moja tu mwezi huu, usiniandikie mimi. Waandikie watu wa hospitali kwamba unakuja.

Nimekupenda siku zote, hata siku ile ya simu,

Mjomba wako,
Eladio Fallas